Jumapili ya Mwili

Uliniuliza Jumamosi jioni, Dolina,
vibanio vya nguo umeviuma kwa meno,
mimi nimeshika ncha ya pili ya shuka
na upepo wa Uist unatuvuta wote wawili kuelekea Kanada.
Uliuliza kwa upole wa mtu
aliyelilea swali miaka thelathini:
"Oighrig, huo useja wenu.
Ni wa nini hasa?"

Nikakujibu, "Shika vizuri, shuka litaruka."

Swali likapanda gari nami.
Likavuka ile njia ya mawe inayokatiza maji
kati ya kisiwa chenu na chetu,
limekaa kiti cha mbele, mkanda halikufunga.

Basi sikiliza.
Sikuweka nadhiri kwa kuwachukia wanaume.
Ruairidh wa gari la posta alikuwa na mikono mipana,
na aliponishika kiuno katika dansi la ukumbi wa shule
nilijua hesabu yote ya mwili wangu,
sikuhitaji mwalimu.

Wala si kwamba mwili ni uchafu.
Mimi? Mimi niliyewaogesha wazee wenu wa Kipresbiteri
katika wodi ya Balivanich,
nikawakausha katikati ya vidole vya miguu?

Na sisemi tumewazidi ninyi.
Mchungaji wenu ana mke, ana watoto wanne,
ana baiskeli zilizolala ovyo mlangoni,
na Mungu hajamnyima kitu.
Kitanda chako na Callum kilikuwa madhabahu.
Nilikiona, asubuhi ile alipofia,
ulivyomlalia kifuani ukimwita jina la utani
ambalo sikupaswa kulisikia.

Lakini Jumamosi ile ile, Dolina,
kabla ya saa sita usiku ulitoka na tochi
ukaanua nguo zikiwa bado mbichi,
ukazirundika jikoni.
Kesho yake jua likawaka,
jua ambalo hapa tunalipata mara tatu kwa mwaka,
na kamba yako ikashinda tupu.
Bembea za watoto mlizitia mnyororo na kufuli.
Mtalii mmoja alisimamisha gari
akauliza nani kafa.

Hakuna aliyekufa.
Kufua si dhambi, kubembea si dhambi.
Ila siku hiyo mmeiacha wazi,
ili Mwenyewe akipita
asiikute imejaa shughuli zenu.

Mimi nimefanya hivyo hivyo,
ila sikuchagua siku. Nilichagua mwili.
Mwili wangu wote ni Jumapili.

Usidhani ni rahisi.
Wewe unajua jua linavyoonea:
linawaka, na nguo ziko mbichi jikoni,
nawe umekaa, unazitazama.
Mimi nimezitazama miaka arobaini na mmoja.
Aprili, kondoo wanapozaa,
kifua huniuma kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo,
hata sasa, mwanamke wa miaka sitini na mitano, fikiria.
Siku uliponipakata mjukuu wako
nilimrudisha upesi, nikasema nina mafua.
Sikuwa na mafua.

Kuna usiku nimemwambia Mungu,
kamba hii inapitiwa na upepo tu.
Hajanijibu.
Asubuhi kengele imelia nimeamka,
nimeweka uji jikoni, nimekwenda kumwona Peigi
ambaye hana mtu mwingine wa kumkata kucha.
Sijui kama hilo ni jibu. Lakini kucha zake ni fupi.

Vibanio vyako vitatu nimevikuta mfukoni mwa koti.
Nitavirudisha Jumatatu.
Ukiwa bado hujaelewa, si neno.
Mimi nami sijaelewa kwa nini mnaimba zaburi bila kinanda,
mmoja akitangulia, wengine mkimfuata kama mawimbi yaliyochelewa.
Lakini nikipita hapo siku ya ibada
huzima gari chini ya dirisha lenu,
nashusha kioo,
na sikuwashi tena injini mpaka mmalize.